Safari ya Hamsini na Tisa

…wa kwanza Mwenyekiti, maana funguo za ukumbi anazo yeye na aliyefungua mlango hawezi kusemwa hakuhudhuria, wa pili Injinia wa halmashauri, binti mwenye miwani na ramani moja kubwa na gundi ya karatasi isiyoshika, wa tatu Mama Mikate, mwenye duka la mikate pale kwenye mzunguko, ameketi mbele kabisa na mkoba mapajani kama anayesubiri kuitwa na daktari, wa nne Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi, wa tano Breki, fundi baiskeli, jina hilo nimemwuliza mwenyewe kama niliandike, akasema andika, hilo lingine hata mke wangu amelisahau, wa sita mimi, Katibu, na wa saba… wa saba nimeweka namba na nukta, mbele yake peupe, kwa sababu imefika saa nne na dakika tano na mzee mwenzangu Kona hajatokea, na asiyetokea haandikwi, huo ndio utaratibu, kuna waliohudhuria, kuna waliotoa udhuru, kuna wasiohudhuria bila taarifa, na Kona hajatoa udhuru wowote, jana jioni alimwambia Breki kuwa atakuja na ana maneno, na Kona akisema ana maneno ukumbi utafute chai… nyuma kuna wananchi kumi na wanne, hao nitawaandika wakati wa kutoka, bado wanabadilishana viti. Ramani imeanguka. Hii ni mara ya tatu, imejikunja yenyewe kutoka juu kama mtu anayeinama kutafuta kiatu, na Injinia anasema, "Samahani jamani, ukuta wenu una vumbi," na Mwenyekiti anamjibu, "Vumbi ni lenu, barabara ni yenu," watu wanacheka, Injinia naye anacheka, ana meno mazuri, amelelewa vizuri binti huyu, alipoingia aliniamkia shikamoo kabla hajatua mzigo. Mimi siandiki kicheko. Kicheko hakina namba katika kumbukumbu za mkutano, kingekuwa na namba mikutano ya mji huu ingekuwa vitabu. Breki amenyanyuka, anashika pembe ya kulia ya ramani kwa mkono wenye grisi, "Mimi nashika huku, wewe shika kule, Injinia, tukichoka tutawaita wenye viti," na ramani imetulia, na mji wetu uko pale ukutani, mistari myeusi na mistari myekundu, mahali pa mzunguko pana alama ya msalaba mwekundu.

Mpango ni huu, nimeuandika kama alivyoueleza: ule mzunguko wenye pampu kuukuu katikati utang'olewa, mahali pake ziwekwe taa za kuongozea magari, na ili magari yasimame mistari miwili barabara itapanuliwa hatua nne upande wa kulia, na hatua nne za upande wa kulia ndilo baraza la Mama Mikate, lote, pamoja na benchi. "Kwa hiyo wateja wangu watakaa wapi?" aliuliza Mama Mikate, na Injinia akasema, kwa upole kabisa, "Mama, watakula wakitembea," na Mama Mikate akasema mkate wake si karanga. Hilo nimeliandika. Na taa haziwekwi ovyo, amesema Injinia, kuna kanuni, taa huwekwa pale tu ambapo magari yanazidi mia tatu kwa asubuhi moja, yakiwa chini ya hapo mzunguko unabaki, wanafunzi wanachorewa kivuko na kuwekewa matuta mawili, basi, baraza haliguswi. Sisi tulipata mia tatu arobaini na moja. Sisi, yaani mimi. Fomu iko hapa chini ya kiwiko changu cha kushoto, mistari mitano mitano, minne wima na mmoja wa kukata, safi, haina mahali palipofutwa, na chini yake pameandikwa, Nathibitisha kuwa hesabu hii ni sahihi, na nukta nyingi za kuwekea sahihi, na Injinia anaitaka fomu hiyo leo, ameshasema mara mbili, "Mzee wangu, ukishaweka sahihi tu mimi naondoka nayo." Miaka thelathini na moja nilikuwa karani wa posta, nimeweka sahihi yangu kwenye barua za rejista za watu waliohama na waliooana na walioshtakiana, na sijawahi kushika kalamu nikaona nzito. Leo ni nzito. Ni kalamu ile ile.

Kanuni ilikuwa wazi, hakuna anayeweza kunilaumu, Injinia mwenyewe aliniandikia juu ya fomu, Kila chombo cha moto kikivuka mstari wa chokaa, piga mstari mmoja, usichague, usiulize ni cha nani. Sikuchagua. Sikuuliza. Niliketi kwenye benchi la Mama Mikate tangu saa moja kamili asubuhi mpaka saa sita kamili, nikavukwa na malori ya mchanga, na gari la maziwa, na pikipiki, na gari la wagonjwa lililokuwa linakwenda kununua vocha, na saa moja na dakika saba nikavukwa na Kona. Gari lake la kijani, kuukuu kama sisi, kioo cha upande wa kulia kimepasuka, cha kushoto amekigeuza ajitazame anaponyoa, na yeye ndani yake ameketi wima kama picha ya pasipoti, kwa kuwa shingo ya Kona haigeuki, mwaka wa tatu sasa, daktari alisema ni mifupa imeshikana, kwa hiyo Kona hatazami kulia wala kushoto wala nyuma, na kwa kuwa hatazami nyuma harudi nyuma, na kwa kuwa harudi nyuma hawezi kuegesha gari mahali ambapo hataweza kutoka kwa kwenda mbele. Kwa hiyo huzunguka. Anapita mzunguko wa pampu, anapanda barabara ya soko, anateremka barabara ya posta, anarudi kwenye pampu, akiangalia, kwa macho tu, kama nafasi yake ipo, ile iliyo mbele ya duka la mbao, yenye mdomo pande zote mbili, ikiwa haipo anazunguka tena, siku za kawaida mara sita, mara saba, mji mzima tunajua na tunapunguza mwendo, hata malori ya mchanga hupunguza, Mwalimu Mkuu aliniambia wanafunzi wake huvuka barabara nyuma ya Kona kama vifaranga. Kona, mtu aliyeendesha basi la barua miaka ishirini na sita katika milima ile yenye kona ambazo ndizo zilizompa jina, kona mia moja na nne, alikuwa akizihesabu kwa sauti abiria wasilale.

Alinipita mara ya kwanza kioo kimeshushwa, akasema, akitazama mbele, "Bwana Karani." Nikapiga mstari. Baada ya dakika tano akapita, akasema, "Umeamkaje?" Nikapiga mstari, nikamjibu, "Salama, na wewe?" lakini alikuwa ameshapita, jibu langu likabaki barazani na mimi. Baada ya dakika tano akapita tena, "Mimi salama, shingo tu." Mstari. "Umewekwa hapo kwa kosa gani?" Mstari. "Nahesabu magari," nikasema, na safari hii niliwahi, nilianza kusema alipokuwa bado kwenye pampu, nikajifunza, ukitaka Kona akusikie uanze kwenye pampu na umalize kwenye mstari wa chokaa, sentensi moja, isizidi maneno manane. "Umenihesabu mimi?" Mstari. "Nimekuhesabu." "Mara ngapi?" "Sita." Safari iliyofuata alikuwa anacheka tu, mabega yanacheka shingo imesimama. Safari ya kumi na mbili Mama Mikate alitoka na mkate kwenye karatasi, akasimama ukingoni, gari lilipopita polepole akautia dirishani kama mtu anayetia barua kwenye sanduku, "Haya mzee, nenda nyumbani sasa," akarudi kwenye tanuri lake. Na mimi nilidhani basi, mkate ameshapata, alichojia ni mkate. Dakika tano baadaye gari la kijani hilo, mkate umekaa kiti cha abiria, wima, kama mke. "Tuendelee," akasema. Safari arobaini na sita baada ya mkate, nimezihesabu kwa sababu zimo kwenye fomu, na safari hizo arobaini na sita hazikuwa za mkate wala za nafasi ya kuegesha, ile nafasi mbele ya duka la mbao ilikuwa tupu tangu saa mbili na nusu, niliiona mimi, na yeye aliiona, iko mbele kabisa, haihitaji shingo.

"Basi tupige kura," anasema Mwenyekiti, "au kuna mwenye neno kabla?" na Mwalimu Mkuu ana neno, Mwalimu Mkuu huwa nalo, anasema yeye hana ugomvi na mzunguko, yeye anataka wanafunzi wake wavuke, wapeni taa, wapeni matuta, wapeni kivuko, wapeni chochote, lakini leo mkutano uamue kimoja. Nimeandika. Breki kutoka kwenye pembe ya ramani anasema, "Mwalimu, mkono wangu umekufa ganzi, fupisha." Nimetazama mlango. Si mimi tu, Mama Mikate naye ametazama mlango, na hapo nimeivuta fomu zaidi chini ya kiwiko, kwa sababu kama yuko mtu mmoja ukumbini anayeweza kukaa akakumbuka kwamba gari la kijani lilipita alipoweka mkate ndani, na lilipita tena alipotoka kumwaga majivu, na tena alipofunga dirisha, ni yeye, na hajajumlisha bado, watu wenye tanuri hawajumlishi asubuhi. Mia tatu arobaini na moja, toa hamsini na nane, inabaki mia mbili themanini na tatu, ongeza moja, mia mbili themanini na nne, hiyo moja lazima iongezwe, Kona naye ni gari na ana haki ya kuhesabiwa mara moja kama mwingine. Mia mbili themanini na nne. Iko chini ya mia tatu. Mzunguko unabaki, baraza linabaki, kivuko kinachorwa. Ninachotakiwa ni kunyoosha mkono na kusema maneno yasiyozidi nane.

Na mkono haujanyooka. Mke wangu ananijua, asubuhi hii ananifunga kifungo cha kola aliniambia, "Usiende ukanyamaza huko, ukaja kuniambia mimi jikoni yale uliyotakiwa kuwaambia wao," na mimi nikasema Katibu hazungumzi, Katibu anaandika, naye akasema, "Basi jiandikie kwamba umenyamaza." Miaka arobaini na nne ya ndoa na bado sijapata jibu hata moja papo hapo, majibu yangu yote huja mchana. Sijamwambia kuhusu zile hamsini na nane. Sijamwambia mtu, kwa sababu ya binti yake Kona, muuguzi, ambaye ni mtu mwema na mkali, na ambaye huniita Baba Mdogo kwa kuwa baba yake amenizidi miezi minne, na mwezi uliopita alinisimamisha nje ya posta akaniuliza, "Baba Mdogo, wewe humwona barabarani, niambie kweli, baba anaendesha vizuri?" Nikamwambia, "Anaendesha polepole." Sikusema uongo. Akanitazama kama wanavyotazama kipimajoto. "Nikisikia amezunguka tena pale kama nzi kwenye sukari, funguo nachukua mimi, na gari naliuza kwa Breki alikate awe na vyuma." Kwa hiyo nikinyoosha mkono na kusema Kona alipita mara hamsini na nane kwa asubuhi moja, na muuguzi akasikia, na atasikia, kabla sijafika nyumbani atakuwa ameshasikia, funguo zimekwenda. Na nikinyamaza nikatia sahihi, mzunguko unang'olewa, na bila mzunguko Kona hawezi kugeuka, mtu asiye na shingo kwenye njia panda ya taa atakwenda mbele tu, atakwenda mbele mpaka mji uishe. Nikisema amekosa gari, nikinyamaza amekosa barabara. Usiku wa siku tatu nimelala na hesabu hii, nimeigeuza huku na huku, mke wangu akaniuliza kama ni tumbo.

Ramani inatetemeka, Breki amebadilisha mkono. Kiti cha Kona kiko pale karibu na mlango, alikiweka mwenyewe mkutano uliopita, kimeelekezwa mbele moja kwa moja kwenye meza, na hakuna aliyekikalia ingawa nyuma wako wawili wamesimama. Angekuwepo angesema nini? Angesema mnataka barabara ya kwenda upande mmoja, mimi naishi hivyo mwaka wa tatu, njooni niwafundishe. Ile asubuhi alizungumza kuliko miaka mitatu yote, tangu mkewe alipoondoka Kona amekuwa mtu wa habari, njema, kwa heri, na mimi ndiyo hivyo tena, sikuumbwa mtu wa kwenda kugonga mlango nikakaa, nikifika kwake nasimama uani nauliza hali nashika kofia yangu. Lakini sentensi moja kila dakika tano… hiyo naiweza. Hiyo ni mwendo wangu. Safari ya ishirini aliniambia anapika mwenyewe sasa, ya ishirini na moja akaniambia anapika vibaya, ya ishirini na mbili nikamwambia, nikaanza kwenye pampu, "Njoo Jumapili, mke wangu anapika," na ya ishirini na tatu akasema, "Nitaegesha wapi?" na hapo kwa mara ya kwanza nilicheka barazani peke yangu mpaka gari la maziwa likapunguza mwendo kunitazama. Nikalipigia mstari. Kisha akaanza kile kisa cha mkaguzi. Safari ya arobaini na saba, "Nilikwambia kisa cha mkaguzi?" ya arobaini na nane mimi nikamjibu, "Hujaniambia," ya arobaini na tisa, "Alipanda basi langu kwenye kona ya sabini," ya hamsini, "Kofia mpya, daftari jipya, sura ya zamani," ya hamsini na moja, "Akakuta abiria hana tiketi," ya hamsini na mbili, "Abiria mwenyewe alikuwa mbuzi," ya hamsini na tatu, "Mbuzi amekaa kitini, ametulia kuliko watu," ya hamsini na nne, "Mkaguzi akafungua daftari, anataka jina," na mimi hapo, Mungu anisamehe, nilijikuta nimesimama ukingoni na fomu mkononi, namsubiri, malori mawili yalivuka pamoja nikayapiga mstari bila kuyatazama, ya hamsini na tano, "Nikamwambia, jina hana, ni mgeni," ya hamsini na sita, "Akaandika, mgeni, sasa akataka kujua," ya hamsini na saba, "anashukia wapi huyu mgeni," ya hamsini na nane, "na mimi nikamjibu…" na akapita. Alikuwa mpishi wa kisa, Kona, alijua pa kufunika sufuria.

Saa yangu ikaonyesha saa sita kamili. Fomu inasema mpaka saa sita kamili. Niliweka kalamu mfukoni, nikafunga jalada, nikamwambia Mama Mikate asante kwa benchi, nikashika njia ya nyumbani, kwa sababu kazi imekwisha ikiisha, nilifundishwa hivyo, na nilipofika pembeni ya duka la mbao nikaona gari la kijani likiingia kwenye pampu, kioo kimeshushwa, polepole, polepole kuliko zote, likapita mbele ya benchi tupu. Aliliambia benchi jambo. Niliona mdomo. Mimi nilikuwa hatua thelathini upande wake wa kulia na yeye upande wa kulia hatazami, ningeweza kuita, sauti ninayo, watu walikuwa wengi barabarani nikaona haya kupiga kelele, nikasema kesho, nikasema atanimalizia siku ya mkutano. Safari ya hamsini na tisa haimo kwenye fomu, ilikuwa imepita saa sita kwa dakika mbili. Siku tatu nimekuwa nikijimalizia mwenyewe, mbuzi anashukia sokoni, hapana, si jibu la Kona hilo, mbuzi anashukia anaposhuka mwenyewe mkaguzi, hapana, mbuzi hashuki, amelipa mpaka mwisho, hapana, hana tiketi… jana nilimwambia mke wangu kisa chote, alicheka mpaka akaketi, akaniuliza, "Akajibuje?" nikamwambia sijui, akaacha kucheka akanitazama, "Mtu amekuja kukumalizia kisa, wewe ukatazama saa."

Tulipokuwa shule mimi na Kona, mwalimu wetu mzungu mwenye soksi ndefu aliita majina kila asubuhi kutoka daftari la mahudhurio, na kila mmoja ajibu nipo, neno moja, halina mkia, na siku kiatu changu kilipokatika njiani nikachelewa, jina langu liliitwa na Kona akajibu nipo kwa sauti yangu, nyembamba, ya puani, kisha la kwake likaitwa akajibu nipo kwa sauti ya kwake, na mwalimu akainua macho, na mimi nikaingia mlangoni Kona akila kiboko cha sita, akanikonyeza. Mwaka uliofuata Kona alichelewa mara kumi na moja. Mara kumi na moja jina lake liliitwa, nami niliketi dawati moja naye, nafasi yake iko wazi ubavuni mwangu, na mara zote kumi na moja nilitazama wino. Hakuwahi kuniuliza. Huwa nasema ni heshima ya daftari. Nimesema hivyo miaka sitini na kitu, na leo, Mwenyekiti anapokohoa na Injinia anapotazama saa yake ndogo, naona kwamba haikuwa daftari, ilikuwa woga wa kiboko, nao ulivaa tai.

Sasa angalia, mzee, najiambia, angalia vizuri, hesabu si ngumu hivyo, wewe unaigeuza kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Kona ana mikono, ana miguu, ana macho, breki anazijua kuliko mtu yeyote aliyeketi humu, akiwemo Breki. Kinachokosekana ni shingo. Na mimi shingo ninayo. Inageuka huku, inageuka huku, kifungo cha kola kinabana kidogo lakini inageuka mpaka namwona mtu wa mwisho nyuma kabisa, anasinzia. Mimi gari sijui kuendesha, yeye gari hajui kutazama. Nitakaa kiti cha abiria, mkate tutaupakata, nitakuwa nasema kulia kweupe, kushoto mwanafunzi, nyuma hakuna mtu rudi, rudi, simama, maneno manane hayazidi, kila asubuhi saa moja, nami nitamwambia muuguzi mbele ya watu wote, mwanangu, funguo usichukue, baba yako amepata shingo, imetumika kidogo posta, ipo katika hali nzuri. Watacheka. Wacheke. Hilo nitaliandika. Kwa hiyo nasema yote mawili, nasema mia mbili themanini na nne na nasema shingo, na mzunguko utabaki wa kuzungukia, ingawa mimi nikiwemo hatutahitaji kuzunguka, tutaegesha popote, lakini tutazunguka, hata mara moja kwa siku, amalizie visa. Mbona sikuliona hili siku zote tatu? Majibu yangu huja mchana. Leo limekuja saa nne na robo, nimeanza kuwa mwepesi.

Nje gari limesimama. Nimesikia mlango wa gari. Ni yeye, ameipata ile nafasi, au ameegesha katikati ya barabara, vyovyote. Na kabla mlango wa ukumbi haujafunguka nimefanya jambo ambalo sijalifanya tangu nishike kalamu, nimeandika mbele ya namba saba, kwa wino, kwa mwandiko wangu wa rejista, Kona, dereva mstaafu wa basi la barua. Yupo. Nipo kwa niaba yake, nyembamba, ya puani. Wino haujakauka, naupulizia, nimecheka, na Mama Mikate ameniona nikicheka. Nimechukua fomu. Nimenyoosha mkono wa kulia, kalamu iko juu, na Mwenyekiti anasema, "Haya makubwa, Katibu anataka kusema, Breki shikilia ramani isianguke tukamsingizia," na wote wamenigeukia.

Mlango umefunguka, ni muuguzi, hajavua sare yake ya kazi, yuko peke yake. Haketi. Anapita pembeni ya kile kiti, anakwenda kwa Mwenyekiti, anainama, anasema naye, na Mwenyekiti anamshika mkono na kunitazama mimi, mkono wangu bado uko juu. Ramani haijaanguka, Breki ameishika. "Shusha mkono, Katibu," anasema Mwenyekiti, "kuna la kuandika kwanza."

Kona amefariki leo saa moja asubuhi, nyumbani kwake.